Mabati Yangu na Antreneri wa Baraka

Jumatatu, 4 mwezi wa sita 1956

Naanika ndagala, visamaki vidogo vya ziwa, tangu asubuhi. Jua zuri, mchanga wa moto, nzi wengi. Ezekieli, bwana yangu, hakunisaidia hata kidogo. Yeye ni prezida wa timu ya mpira ya hapa Baraka, na tangu jana timu ilipopigwa na watu wa Uvira hasemi na mtu. Eti kosa ni la Antoine, antreneri waliyemleta kutoka Albertville, anayelipwa mshahara kuwafundisha.

Nyumbani tunajua kinachomuuma. Antoine alimwacha Lazaro nje, na Lazaro ni mdogo wake Ezekieli. Kijana huyo alikuja kwenye mazoezi amelewa pombe ya kasiksi. Mimi pia ningemwacha nje.

Jumatano, 6

Wamemfukuza Antoine. Wakubwa wa timu, wavuvi wote, walikutana uani kwetu, mimi niko jikoni nasikia yote. Ezekieli akauliza nani anataka antreneri aende. Mikono yote juu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza itagharimu nini.

Antoine akavaa kofia yake, akasema polepole:

"Sawa, baba prezida. Lakini tuliandikiana mpaka mwisho wa mwaka. Mutanilipa mpaka mwisho wa mwaka."

Wakacheka. Wapumbavu.

Jumanne, 12

Ezekieli ameitwa mahakamani Fizi, amerudi amenyauka. Antoine alishitaki. Karani alimsomea mapatano, na chini kuna sahihi yake mwenyewe. Lazima Antoine alipwe kila mwezi mpaka Desemba, kama vile bado yuko kazini. Asipolipwa, prezida anaingia buloko, anafungwa.

Timu haina kitu. Pesa yote ilikwenda kwenye viatu.

Nikamuuliza, "Na wale walioinua mikono, watatoa nini?"

Akatoka nje. Ana sauti ya kufukuza watu tu.

Jumamosi, 16

Mabati yangu hayapo.

Nimetoka ziwani na beseni kichwani, nakuta ukuta mtupu. Miaka miwili nimepanda mlima wa Fizi na mizigo ya ndagala. Nilikuwa nanunua bati moja moja, nayaegemeza ukutani, nahesabu miezi mpaka tuache kulala chini ya nyasi zinazovuja. Ezekieli ameyauza yote kwa mwenye duka. Amelipa mwezi wa sita na wa saba wa Antoine.

Anasema, "Nitakununulia mengine."

Kwa pesa gani? Kwa mdomo?

Nimepikia watoto tu. Yeye aende kwa wenzake wa mikono akale. Leo namchukia. Nimeliandika, nimelisoma tena, bado ni kweli.

Jumatatu, 18

Lazaro amepita mchana. "Shemeji, hakuna chakula?" Nimemtoa na mwiko. Huyo nimemfukuza bure, hana mshahara wa kudai.

Ijumaa, 22

Habari kutoka Nundu. Antoine anafundisha timu ya kule! Wamempa nyumba na samaki wa kula, basi. Mshahara hawampi, maana mshahara wake unatoka Baraka.

Unatoka kwenye mabati yangu.

Nilicheka mpaka jirani akaja kuangalia kama nina homa. Halafu nikalia kwa hasira. Antoine simlaumu. Mtu aliyefukuzwa akae bila kazi kwa ajili gani?

Jumapili, 1 mwezi wa saba

Baada ya misa nimekwenda uwanjani, mimi nisiyependa mpira. Nundu wametupiga hapa hapa kwetu, goli mbili kwa bure, sisi hata moja. Vijana wetu walikuwa wanakimbia kama kuku waliomwona mwewe. Antoine alisimama pembeni, mikono nyuma, hakupiga kelele hata mara moja.

Kisha watu wakaanza: "Prezida atoke! Prezida atoke!" Nikawatazama. Ni wale wale waliocheka uani kwangu.

Mimi si mwanamke wa kupaza sauti mbele ya wanaume. Leo nimepaza.

"Mumufukuze, lakini kwanza mulipe! Kila mwenye aliinua mukono, kesho alete faranga zake kwangu. Mwenye hataleta, bamama ba ndagala hatutanunua samaki yake!"

Nyuma yangu bamama wakapiga vigelegele. Wavuvi wakatazama chini. Ezekieli naye.

Jumanne, 3

Wameleta. Wengine faranga, wengine maneno. Imetosha mwezi mmoja tu. Bado minne.

Nimemwambia Ezekieli, "Nenda Nundu. Mwambie Antoine ulikosa. Mwambie alifanya vizuri kumuacha Lazaro."

"Mi prezida nipige magoti mbele ya mutu nilifukuza?"

"Hapana kwa magoti. Baiskeli iko."

Akatoka, akabamiza mlango. Mlango wenyewe ni wa matete, haukulia.

Alhamisi, 5

Ameondoka asubuhi na baiskeli. Hakuaga. Sikumfungia chakula.

Jumamosi, 7

Amerudi leo saa tisa, vumbi mpaka kwenye kope. Nimemtilia maji ya kuoga, nimempakulia ugali na mboga. Alikula kwanza. Kisha akanieleza.

Alimkuta Antoine anawapanga vijana. Alimwambia mbele yao wote kwamba kosa lilikuwa la Lazaro, na kosa kubwa lilikuwa lake yeye. Antoine aliwatuma vijana wakapumzike. Mwishoni akasema, "Asante, baba. Ni hiyo tu nilikuwa nangoja." Kuanzia mwezi wa tisa Nundu watamlipa wenyewe. Jumatatu wote watakwenda Fizi kuweka sahihi kwenye mapatano mapya.

Mabati hayarudi. Hilo Ezekieli amelisema mwenyewe, sikumwambia mimi. Ameacha uprezida pia.

Sijamsamehe. Lakini alipomaliza kula alichukua sahani yake, akaiosha, akaifudikiza juani ikauke. Jambo hilo sijaliona tangu tuoane. Nikasogea kidogo kwenye mkeka. Akakaa.