Uso Niliousalimia Ndani ya Tumbo la Masika

Yaya Kavira, dada yangu mukubwa,

Huko uliko bila shaka wameisha kukuambia: bila mimi ndugu yako, Goma yote ingeisha kuanguka ndani ya ziwa. Lava ya volkano ilifika karibu yangu, ikageuka. Vita ya Rutshuru ilinifuata mpaka hapa Ndosho, ikanikuta nimesimama. Lakini sikia kazi yangu kubwa kuliko zote.

Binti yako Masika alikuwa na mimba ya miezi mitano. Asubuhi moja tumbo likamukamata, akajikunja chini, hawezi hata kunyoosha mguu. Wamama majirani wakasema mutoto anataka kutoka mbele ya wakati, tumusugue na mawese. Mukono wangu ulikuwa umeisha kushika chupa, yaya. Hapo njo nikakukumbuka. Wewe, kule Kalengera, tulikusugua siku mbili tukisema ni mimba tu. Hakuna mutu aliyeona ndani, mpaka ukatutoka.

Nikatupa chupa. Barabara ilijaa wakimbizi, hata pikipiki haipiti. Nikamulaza Masika juu ya chukudu yangu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ninayobebea viazi, nikasukuma mpaka hospitali. Watu elfu walinipisha. Haya, mia. Masika analia: "Mujomba, acha kusalimia watu, sukuma!"

Dokta, binti mudogo tu, akamupaka maji mazito ya baridi, akapitisha mashini ya ekografi juu ya tumbo. Kila kitu cha ndani kikatokea kwenye kioo. "Mutoto hana shida, moyo wake unapiga vizuri," akasema. "Ni apandisiti ya mama, kile kidole cha utumbo, ndiyo imevimba. Tunapasua leo leo."

Yaya, nilipiga vigelegele kama mwanamuke! Nikaona uso kwenye kioo, nikaupungia mukono: "Muone! Paji la uso ni langu!"

Walipasua muchana uleule. Mutoto akatulia ndani mpaka siku zake zikatimia. Amezaliwa! Anaitwa Kavira. Ana sauti yako ya sokoni. Akilia, majirani wa mbali wanauliza nani anagombana.

Basi pumzika, yaya wangu. Barabara ya Kalengera ikifunguka, nitamuleta kwenye kaburi lako, juu ya chukudu ileile, umusikie mwenyewe.

Ndosho yote inajua ni mimi niliyemuona wa kwanza. Ila wewe sijawahi kukuficha kitu. Ule uso niliousalimia, dokta aliniinamia sikioni, pole pole: "Papa, hiyo ni kibofu. Imejaa mikojo."