Kwa Baba Nelly, Aliyemuuliza Mungu

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Nelly, tangu tukutoe katika kile chumba cha barabarani hapa Makambako, tukakupeleka kupumzika Matembwe, karibu na miti ya misindano uliyoipanda mwenyewe.

Ulikuwa mpasua mbao. Jirani akiomba msumeno hukumnyima, na mabanzi yaliyobaki ulimpelekea Bibi Cresensia apikie. Kisha gogo likaporomoka kutoka kwenye lori, likakuvunja mgongo. Tangu hapo ulilala ukitazama ukuta, ukisikiliza malori ya Zambia yakibadili gia. Ulitutajia lipi limebeba mahindi na lipi limebeba mbao, ukacheka. Halafu ulilia, ukamuuliza Mungu kwa sauti amekufungia humo kwa kosa gani.

Watu wa jumuiya waliona aibu. Mwinjilisti Efraimu alikusihi ushukuru kwa yote. Ukamjibu, "Mwinjilisti, wewe umekuja kwa miguu. Lala hapa wiki moja kwanza, halafu tushukuru pamoja." Alicheka, na hakuacha kuja.

Wewe ndiye uliyenituma kwenye masomo ya Biblia ya jioni pale usharikani, ingawa nilisema nimeshazeeka. Kila niliporudi ulitaka somo lote. Tulipofika kwenye zaburi za malalamiko ulinishika mkono. "Mama Nelly, hao nao walimuuliza hivi hivi? Na hakuwapiga?" Moja uliipenda kuliko zote, ile ya mtu aliyezibiwa njia, inayoishia gizani bila neno la shukrani. Nilikusomea mpaka usingizi ukuchukue.

Jumapili hii ni ibada ya shukrani ya mwaka, na kwa desturi yetu mjane ndiye anayesimama kushukuru. Shemeji Enoki ameshaalika wageni. Neno hilo la shukrani nimelijaribu jikoni, nimelijaribu nikiwa nimepiga magoti, halitoki. Nikikataa, ukoo utasema nimemwacha Mungu. Nikilisema, nitakuwa nimemdanganya Mungu mwenyewe. Niko hapo katikati, kama ulivyolala wewe, sioni pa kutokea.

Nilimuuliza Mwalimu Priska, anayetufundisha Biblia jioni, kama inaruhusiwa kumaliza bila shukrani. Akasema waliotutunzia zaburi ile wangeweza kuongeza mstari mmoja mwishoni, lakini hawakuongeza. Basi nitasimama, nitaisoma yote, nitakaa. Shemeji ameniomba nimalizie na asante kidogo tu, kwa ajili ya wageni. Nimemwambia, "Shemeji, wageni watakula. Mimi niacheni niombe."

Maana bado naomba, Baba Nelly, kila asubuhi. Simwambii Mungu kwamba nimeelewa, kwa sababu sijaelewa. Jibu namwachia Yeye, na ninangoja.

Unakumbukwa na mimi mkeo Esnath, binti yako Nelly, kaka yako Enoki, dada yako Yudita, wajukuu wako na wanajumuiya wote. Daima tutakukumbuka, na hatutaacha kumuuliza Mungu.