Pistoni Inayonuka Mafuta ya Taa

Shoga, ya leo gereji usiombe.

Mume wa dada kamletea kaka pistoni ya gari, boksi jipya linang'aa. Kaka anataka kuifunga hapo hapo gereji. Mimi nikainusa.

Nimeinusa mbele ya mafundi wote! Shemeji akaangua kicheko, "Shemeji yangu, hiyo pistoni, si samaki!"

Lakini inanuka mafuta ya taa. Kitu kipya kimeoshwa cha nini?

Nikapitisha ukucha pale inapokaa ringi. Ukatoka na masizi. Masizi, shoga! Imeshatumika kwenye injini nyingine hiyo. Nikamwonyesha kaka kidole.

Kicheko kikamkauka shemeji. Eti, "Kiwandani huwa wanazijaribu."

Kaka akairudisha kwenye boksi.

Sasa sikia. Jana shemeji alijisifu kamuuzia baba yako kama hiyo. Mwambie asiifunge. Ainuse kwanza.