Telefone Yako Nimeibeba

Papa Shimwa,

Maharagi iko mu sufuria, umupatie Shimwa mbele aende ku masomo. Mbuzi haiyakula.

Telefone yako kubwa nimeibeba. Usikasirike kwanza, soma.

Asubuhi nilipanda kule juu ku kanisa, kwenye rezo inakamata, na ka-telefone kangu, imeili za shefu zikaingia zote pamoja, za juma nzima. Mu ya kwanza ananisalimia. Mu ya mwisho anauliza kama ningali naitaka kazi. Nilijaribu kujibu kule kule, ka-telefone kakakatala. Nisipojibu leo mbele ya saa sita, mbegu za bakulima ba Bweyeye atapatia muntu mwingine azigawe.

Hapa nyumbani rezo yetu, mutandao wa telefone, inakimbilia Congo: sauti inapita, imeili hapana. Ni wewe ulisema tukamate rezo ya familia yote, kuitana ni bei rahisi. Na ka-telefone ulinichagulia juu ya redio yake! Redio inaimba, kazi inakufa.

Naenda Kamembe kununua kadi ya rezo ingine, niiweke mu telefone yako, nijibu.

~~Usinitafute.~~ Hapana, hiyo nimefuta.

Maman yako akiuliza, sema niko soko.

Ka-telefone kangu nimekaacha hapa mezani. Namba mupya itaita. Najua namba usiyoijua unaikataka, unasemaka ni bezi banaiba franga ku telefone. Leo itika, tafazali. Ni mimi. Kama kazi imeenda na wewe unanikatia, nitaita nani?

Bibi yako,
Maman Shimwa