Nilichosoma Nusu Kuhusu Macho ya Mama

Jumamosi, Chuno. Upepo wa kusi unavuma tangu alfajiri, na nguo nilizoanika zimekauka kabla ya saa nne. Mama yuko ndani, amejilaza baada ya chakula. Nimekaa barazani peke yangu. Leo naandika jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, japo nimelibeba miaka kumi na kitu.

Niliwahi kumpotezea mama yangu zaidi ya mwaka mzima wa kuona, kwa sababu ya ukurasa uliokataa kufunguka.

Acha niseme vizuri. Ukurasa ulifunguka nusu. Mimi ndiye niliyejifanya nimeusoma wote.

Wakati ule nilikuwa nachapa barua na kutoa kopi kwenye duka la stesheneri hapa hapa Chuno. Simu za kupangusa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mitaani. Yangu niliinunua kwa mtu, imeshatumika, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa nayo. Kila nikienda kijijini kwetu, ukishaipita Naliendele, watu walinijia na maswali. Mmoja anataka dawa ya mikorosho inayokauka majani, mwingine anataka kujua maana ya jina la mjukuu. "Hebu uliza humo," wanasema. Nami naipangusa simu mbele yao taratibu, kama daktari anayesoma cheti.

Nilipenda kuulizwa. Hilo nalo ni la kukiri.

Maana wao hawakuyajua mateso ya kile kidude. Kijijini mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, tena usimame ubavuni mwa ukuta bila kusogea. Ukiandika neno, kimduara kinaanza kuzunguka. Unaweza kumenya mihogo sufuria nzima, ukirudi bado kinazunguka. Ukurasa ukija, herufi ni ndogo kama mchanga. Ukizivuta zikue, sentensi inatoka nje ya kioo, inabidi uisukume kushoto na kulia, mstari kwa mstari. Kidole kikigusa tangazo, unapelekwa kusikojulikana, na ukirudi unaanzia juu kabisa. Simu inapata moto mkononi. Chaji inashuka huku unaiona. Kisha linakuja lile tangazo kwamba muunganisho umeshindikana, na bando limeshaliwa.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba mama alipoanza kulalamika macho. Alisema anaona kama amefunikwa na kanga nyepesi. Msimu wa korosho ule alikuwa anaokota kwa kupapasa na nyayo, na ndooni mwake tulikuta mawe na vipande vya mabibo, yale matunda ya mkorosho.

Kaka yangu Saidi, aliyekuwa kibarua bandarini, alitaka kumpeleka mama hospitali wiki ile ile. Mimi nikasema tusubiri kwanza, niangalie.

Nikaenda nyuma ya ghala. Ukurasa niliopata ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Picha hazikuja, yalikuja maboksi meupe matupu. Aya ya kwanza ikafunguka, ikizungumzia presha ya macho. Nilielewa kwamba kinachopotea hakirudi tena. Aya ya pili ilianza na neno lenye maana ya "hata hivyo", baada yake maneno matatu manne, halafu weupe mtupu hadi chini.

Nilisubiri. Mgongo uliniuma, mtoto ananipiga mateke. Nikajaribu kuufungua upya, ukapotea wote, hata ile aya ya kwanza. Nikajaribu tena mpaka bando likaisha.

Nikarudi nyumbani nikawaambia kwamba macho ya namna hiyo hayatibiki.

Saidi alibisha. Alisema twende tu, wampime wenyewe. Nami nilikuwa nimechoka, nimeaibika kushindwa na simu mbele ya watu wanaoniamini, nikamwambia maneno ambayo bado nayasikia: "Wewe hata kuiwasha huwezi, unabishana na nini?"

Hakulizungumzia tena.

Mama naye alisema basi, kama ndivyo ilivyoandikwa, hana la kufanya. Hakulia. Alianza kujifunza nyumba yake kwa mikono: chungu kiko wapi, mlango uko wapi, jiko liko hatua ngapi kutoka kitandani.

Binti yangu, Zuhura, alizaliwa mwezi wa pili. Mama ndiye aliyemwogesha siku zote arobaini. Alimpapasa paji la uso, pua, masikio, akawa anatuuliza amefanana na nani. Mimi namjibu. Nilimweleza sura ya mjukuu wake kama mtu anayemsomea barua asiyejua kusoma.

Mara ngapi nilitaka kurudi nyuma ya ghala nikamalizie ule ukurasa? Mara nyingi. Na mjini mtandao ulikuwa na nafuu, ningeweza hata dukani. Niliogopa. Kama aya ya pili ilikuwa na dawa, basi ningekuwa nimefanya nini?

Zuhura alikuwa ameshaanza kutembea wakati Bi Hadija, jirani wa mama, aliposikia kwamba madaktari wa macho wamekuja mjini. Hakumuuliza mtu. Alimfunga mama kilemba, akampakia kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma yake akimshika kiuno. Mimi niliitwa baadaye nikiwa dukani, nikawakuta kwenye foleni. Muuguzi alimmulika mama na tochi kwa muda mfupi sana, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anatolewa. Akauliza kwa nini tulikaa naye muda wote huo nyumbani.

Nikajibu kwamba hatukujua.

Walimfanyia jicho la kulia. Kesho yake walipombandua bandeji, Zuhura alikuwa amesimama kando ya kitanda akila ndizi. Mama alimtazama muda mrefu. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mtoto wa nani?"

Zuhura akamwita bibi. Mama aliposikia ile sauti alicheka, kisha akajifunika uso na upande wa kanga.

Jicho la pili aliambiwa arudi. Hakurudi. Kila mwaka alikuwa na sababu: mara mikorosho inapuliziwa salfa, mara kuna harusi, mara jicho moja linamtosha. Nami sikuwa na uso wa kumlazimisha.

Mpaka leo.

Amekuja kwangu tangu juzi. Asubuhi tulikuwa tunakula ming'oko, vile viazi vya porini, akaniambia kwamba lile jicho la kushoto sasa limefunga kabisa, halioni hata mwanga wa dirisha vizuri. Akasema niangalie kwenye simu kama mtu wa umri wake bado anaweza kutibiwa.

Nikaandika. Kabla sijaiweka simu mezani, ukurasa ulikuwa umeshafunguka wote, kwa Kiswahili, na picha zake. Nikamsomea mpaka mwisho. Ilisema kwamba umri peke yake haumzuii mtu, akapimwe. Nikaizima simu, nikamwambia.

Nilimwambia yote. Kwamba ule ukurasa wa kwanza niliusoma aya moja. Kwamba ya pili haikufunguka. Kwamba nilijua haikufunguka siku ile ile, na bado nikasema nilivyosema.

Mama alikuwa anamenya mng'oko wake. Aliumaliza kumenya kwanza.

"Nilijua hukumaliza kusoma," akasema. "Ulirudi unatikisa ile simu na umekasirika. Mtu aliyepata jibu harudi hivyo."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikubali.

"Nilikuwa naogopa kisu cha jichoni, Somoe. Wewe uliposema hayatibiki, nikapumua. Sikutaka mtu akuulize zaidi."

Miaka yote hii nilidhani nilimfungia mlango peke yangu. Sijui kama nimepata nafuu au nimeongezewa mzigo. Mama alitumia nusu ya ukurasa wangu kujificha, nami nilitumia kukubali kwake kujificha. Mtoto mchanga alilelewa katikati yetu bila kuonwa.

Kisha akasema kwamba yeye na mimi tumeshamaliza, lakini Saidi bado. Sikuelewa. Akanieleza kwamba Saidi, kila Idi akija kutoka Lindi anakoishi sasa, humwomba radhi kwa siri. Humwambia kwamba yeye ndiye mwanamume wa nyumba, angembeba tu siku ile, na alishindwa kwa sababu aliona haya kubishana na mtu aliyesoma.

Sikuwa najua hilo. Miaka yote hiyo mwenye haki ndiye anayeomba radhi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa njiani kwenda hospitali. Mama amekubali, amesema anaogopa vilevile lakini twende. Maswali yaliyobaki tutamuuliza daktari ana kwa ana.

Nimeacha kuandika hapo juu nikampigia Saidi. Amepokea haraka, nasikia watoto wake wanacheza nyuma yake. Nimemweleza habari ya Jumatatu, akafurahi, akasema na yeye anakuja. Alitaka kukata simu.

Nikamwambia, "Kaka, ngoja. Siku ile wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na mimi nilijua."