Jibu Langu kwa Shaibu, Mrusha Mpira wa Marekani

Mpwa wangu Shaibu,

Marahaba. Najua shikamoo yako bado iko njiani, lakini naipokea kabisa ili tusipoteze muda. Huku sisi wazima. Mama yako yuko Mnyambe anapalilia mikorosho, magoti yanamsumbua na hataki aambiwe. Mimi niko Masasi, bado nasimamisha kuta, na hakuna ukuta wangu ulioanguka isipokuwa ule mmoja ambao tembo aliuegemea.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu mambo yako niliyatangaza mbele za watu. Kutoka Chiungutwa mpaka Newala hakuna asiyejua kwamba mpwa wangu ndiye mrushaji mkuu wa timu kubwa Marekani, yule wanayemwita kwotabeki. Asiyejua basi kahamia juzi.

Nasikia huko wanaandika kwamba kocha wa shule yao ndiye aliyeugundua mkono wako, siku mpira ulipotoka nje ya uzio ukaurudisha mpaka upande wa pili wa uwanja. Sawa, waandike. Mimi na wewe tunajua ulianzia Lukuledi, nilipokuwa najenga ile nyumba ya walimu, na wewe likizo ukaja kunirushia matofali. Mimi juu ya jukwaa, wewe chini. Tofali la kwanza lilinipata gotini. Nikakwambia, "Shaibu, unarusha pale nilipo. Fundi hakai mahali. Rusha pale mkono wangu unapokwenda." Ukawa unanitazama tu ninavyotembea. Kufika adhuhuri nanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na tofali linatua kiganjani kama mtu kaja kuniwekea. Vibarua wakaacha kazi wakakaa kututazama. Mimi huwaambia watu kwamba tulimaliza nyumba nzima siku ile. Na wewe ukiulizwa, sema hivyo hivyo.

Na lile jiwe la Shimo la Mungu, pale Newala ardhi inapokatika ukaliona bonde la Ruvuma lote chini. Ulilirusha, tukatega masikio, hatukulisikia likianguka. Mimi husimulia kwamba lilitua Msumbiji, kwenye muhogo wa mtu, na mwenye shamba alivuka mto kuja kulalamika kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Nimeisimulia mara nyingi mpaka huyo mwenye shamba namjua sura.

Halafu ukapata ufadhili wa masomo, ukaenda Marekani. Miaka mingi mwanzoni ulikaa benchi, ukinieleza kwenye simu kwamba aliyeko mbele yako ni mzuri sana. Nilikwambia hata mimi nilichanganya udongo wa watu kabla ya kushika mwiko. Siku walipokuita uwanjani hukutoka tena.

Bakari, yule fundi cherehani rafiki yangu, unamkumbuka kwa ubishi. Tulikuwa tunakutazama kwenye simu yangu pale kibarazani kwake.

"Mpira gani huu wa kukumbatiana?" akaniuliza. "Na wenyewe umechongoka kama papai changa."

"Mtazame kijana anavyorusha."

"Naona anakimbizwa. Kaiba nini?"

Nikamweleza kwamba kazi yako ni kusimama pale pale, yale majitu yanakuja kukuangusha, na usirushe mpaka mwenzako akaribie unapotaka afike.

"Na wakimfikia kabla?"

"Hawamfikii," nikasema.

Mwaka ule ukavunja rekodi ya pasi za magoli kwa msimu mmoja, rekodi iliyokuwepo tangu mimi sijaota ndevu. Bakari akafunga cherehani yake mchana kweupe. Alishona jezi mbili zenye jina lako mgongoni, yangu na yake, na yake kaishona nzuri zaidi. Harusini Chiungutwa nilishika kipaza sauti, watu wakadhani nawapa nasaha maharusi. Nikawatangazia kwamba msimu unaokuja mpwa wangu anaivunja rekodi yake mwenyewe. Walipiga vigelegele. Bibi harusi naye alipiga.

Ndipo ukanipigia simu wiki iliyopita.

Nilikuwa juu ya jukwaa, asubuhi. Ukanisalimia vizuri, ukauliza kazi, ukauliza mvua. Kisha ukasema, "Na bibi hajambo? Bado anaficha sukari?"

Shaibu, bibi yako tulimzika. Ulipanda ndege ukaja mwenyewe. Ulishuka kaburini pamoja nami, tukampokea mama yangu kwa mikono yetu, mimi kichwani, wewe miguuni.

Unanijua, mimi neno halinikimbii. Siku ile lilinikimbia. Ukasema polepole, "Mjomba, nimesahau. Siku hizi nasahau."

Hapo ndipo ukaniambia habari za kichwa. Kwamba wamekufikia zaidi ya mara moja, ukaanguka, ukaamka hujui uko uwanja gani. Daktari anasema ukigongwa tena hajui utaamka nani. Timu inasema mkono bado upo na inakutaka msimu mmoja zaidi. Baba yako anakutaka umsikilize daktari. Mama yako analia tu. "Lakini mimi ni mtoto wa upande wa mama," ukasema. "Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ukisema nicheze, nacheza. Ukisema niache, naacha."

Nikakuomba siku chache. Nikashuka jukwaani, nikaenda moja kwa moja kwa Bakari. Nikamweleza yote. Alikuwa na uzi mdomoni, akautoa.

"Ulisema hawamfikii," akasema.

"Nilisema."

"Na kule harusini ulisema msimu unaokuja."

"Nilisema, Bakari. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nauliza utawaambia nini watu."

Ndiyo maana ya barua hii. Sikufichi, nilikaa nikatamani huo msimu mmoja. Kijana wetu akisimama pale, hata mimi naongezeka urefu. Wakubwa wa mji wananipisha kwenye kiti. Nikajiambia, labda hawatamfikia tena. Nikakumbuka kwamba neno hilo ni la kwangu, nililitunga kibarazani, na yale majitu hayakunisikia.

Basi masikio yote ya Masasi na Newala yasikie. Rekodi iko, imeandikwa, anayeitaka aje aitafute. Atakayeivunja tutampa mkono. Mimi nataka mpwa anayejua bibi yake amekufa. Nataka uje unisimulie mazishi yale, nani alilia na nani alijifanya, na ukikosea nikurekebishe tukacheke.

Acha mpira, Shaibu. Siombi, nimesema. Usiweke mkono kwenye mkataba wao, hata wa siku moja. Wakikuuliza nani kaamua, waambie mjomba. Wakishangaa kwamba mwashi wa darasa la nne anamtoa mtu uwanjani Marekani, waambie kwetu ndivyo ilivyo, na mwenye ubishi anipigie mimi, niko hewani.

Watu wa harusini watasema nilidanganya. Waache hao, nitawamaliza mwenyewe. Nina mengine ya kuwasimulia, na mengi bado hayajatokea.

Mama yako nilimfuata Mnyambe leo asubuhi, nikamwambia nilivyoamua. Aliingia chumbani kwako, akatoa mashuka, akaenda kuyafua. Kwa hiyo ukichelewa kuja, utamjibu yeye, mimi simo.

Ni mimi mjomba wako,
niliyenyonya ziwa moja na mama yako.