Chupa ya Uzi Mwekundu

Lyon, 12 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na baridi imekuachia. Mimi mzima, ila nina jambo linalonisumbua. Divai yako huwa nyepesi, changa, inanukia matunda, mtu anashushia nayo soseji huku anacheka. Mwaka huu ni nzito na ina uchungu unaokamata ulimi. Bibi Pernette, mteja wangu wa siku zote hapa baa, kanirudishia glasi, kaniuliza mbele za watu, "Odile, baba yako siku hizi ananunua ya wenzake?" Nilicheka, lakini roho haikutulia. Mvua ya mawe ilipiga mizabibu yako mwezi wa saba, na mtu wa posta aliona lori la tangi, kama yale ya kubebea divai, uani kwako. Niambie ukweli: divai hii ni yako?

Binti yako,
Odile

Chiroubles, 20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unauma, asante kwa kuuliza kabla ya kunitukana. Lori lilikuja kunyonya shimo la choo. Mwambie huyo wa posta akaonje. Zabibu nilizichuma mwenyewe, nikatia vichala tangini vizima vizima, kama babu yako. Au ni wewe unayeacha chupa wazi usiku kucha?

Baba yako,
Anselme

Lyon, 28 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo. Chupa siachi wazi. Nakutumia mbili zisizo na lebo. Moja nimeifunga uzi mwekundu. Moja ni yako, nyingine ya dukani. Onja, uniambie yako ni ipi. Ukipatia, nitakuomba radhi mbele ya baa nzima. Ukikosea, jina lako nalifuta kwenye ubao wa divai hapa baa.

Odile

Chiroubles, 4 Aprili

Marahaba. Ya uzi mwekundu. Hata mtoto angejua! Andaa hizo radhi.

Baba

Lyon, 9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Zote mbili ni za dukani, zile za kupikia. Jina lako nimelifuta. Ungesema tu mavuno yameharibika, ningekuelewa. Umenidanganya mimi, Baba, na imeniuma sana.

Odile

Chiroubles, 17 Mei

Odile mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kujibu, utaniona mwizi. Sikununua ya mtu. Tangu yale mafua ya mwezi wa nane sisikii harufu yoyote, si ya mkate, si ya samadi. Nawe unajua siku ya kukamua siipimi kwa chombo. Nafunua tangi, nanusa. Safari hii nilifunua, nikasimama pale kama gogo. Nikazidi kungoja, maganda yakalowa mno humo, yakatoa uchungu wote. Chupa zako nilizionja, kwangu zilikuwa maji matupu. Nikabahatisha. Niliona aibu, maana kunusa nilikufundisha mimi. Kaka yako asijue, ataiuza mizabibu yangu.

Baba yako

Lyon, 20 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia mbele ya wateja, sijali. Kaka hatajua. Mwezi wa tisa tangi nitafunua mimi, wewe utakaa kando unigombeze. Baa nimeifunga, nafika kesho kwa treni ya asubuhi; barua hii nampa mjumbe wa pikipiki ikufikie leo hii. Ila tangu nisome barua yako nawaza jambo moja: miezi yote hiyo unalala peke yako na lile jiko la gesi. Likivuja, unajuaje? Usiliwashe. Fungua madirisha yote, unisubiri nje.

Binti yako,
Odile